Radiatere ya Papa Safari

Tulimzika Papa Safari mwezi uliopita, kule Kitshanga, mvua ikinyesha kama kawaida yake. Kwenye kilio nilikuwa nimekaa na sahani ya maharagi magotini nikamsikia bwana mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake: "Huyu muzee alikuwa fundi wa kweli, ila kuko radiatere moja alifanyaka mubaya, ikachemka na mama wa mimba ndani ya gari." Mwenzake akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mimi nina miaka sitini na kitu na magoti yangu hayana haraka tena, lakini siku ile niligeuka upesi mpaka maharagi yakamwagika. "Ile radiatere ilikuwa muzima," nikamwambia. "Miye njo nilichemsha gari. Miye Mapendo, shofere. Ukisimulia tena, simulia hivyo." Maskini, akabaki ameshika kijiko hewani. Alikuwa hajazaliwa mwaka ule. Nilikiri kosa langu mbele ya watu zamani sana, na bado uongo unatembea wenyewe vilimani huku ukweli ukisubiri kubebwa. Nilirudi nyumbani na hasira, nikanunua daftari, na haya ndiyo ninayoyaandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kiburi cha watu watatu. Niliendesha jipu ya kituo cha afya, juu kwenye vilima vya Masisi, na sikumjua mwanamke mwingine aliyeshika usukani upande ule wote. Wanaume walinitania sokoni kwamba breki si zangu: "Mapendo anashika usukani, Mungu anashika freni." Nami niliwajibu kwamba Mungu angalau hanywi kasiksi, pombe ile yao ya ndizi. Jipu yenyewe ilikuwa imezeeka. Mlango mmoja tuliufunga kwa kamba, viti vilikuwa vimetoka majani, lakini motere yake, yaani injini, ilikuwa na nguvu za ng'ombe dume. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, radiatere, kile chombo cha maji cha kupoza motere. Ilikuwa ndogo, nyembamba, imelehemiwa mara nyingi hata shaba yake ya kwanza haionekani. Na kazi yetu ilikuwa kushuka mpaka Kibua, upande wa Walikale, kuwachukua akina mama ambao uzazi umewashinda, na kuwapandisha hospitali. Kushuka hakukuwa na neno. Kupanda, na joto la msituni, na mgonjwa, na ndugu za mgonjwa, na kuku wa ndugu za mgonjwa, hapo ndipo mshale wa joto ulipoingia kwenye nyekundu.

Asiyejua njia ile atashangaa nikisema kwamba shida yetu nyingine ilikuwa baridi. Asubuhi huku juu ukungu hukaa mlangoni kama mgeni asiyeaga, na motere ya zamani ikipulizwa na upepo ule haipati joto, inakohoa tu. Kwa hiyo mashofere wote wa Masisi tulifunga ngozi ya ndama mbele ya radiatere kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kuikinga na baridi, kama unavyomfunika mtoto. Ukishuka kuelekea Walikale ulifika kwenye kijito, katikati ya njia, na pale kila gari lilisimama kuongeza maji, maana radiatere zote zilikuwa zinavuja ama zinakunywa. Ukishuka kuongeza maji unaiona ngozi, unaifungua, unaitupa nyuma, unaendelea. Hakuna aliyetufundisha. Tulikula mahindi ya kuchoma pale, tukatukanana kidogo, kila mtu akaenda zake.

Msimu wa kuvuna maharagi jipu ilichemka mara mbili kwa wiki moja, na mara ya pili tulikuwa na mama anayetokwa damu. Alipona kwa neema tu. Mama Sifa, aliyekuwa titulere wetu, yaani mkubwa wa wauguzi, aliingia kwenye mkutano wa komite ya kituo akiwa bado na damu kwenye koti lake. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nakula. Chumba changu na ofisi ya mkutano vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na mbao za kwetu zikikauka zinaachana, kwa hiyo komite haikuwahi kuwa na siri kwangu. "Ao munabadilisha radiatere, ao munatafuta muganga mwengine," alisema Mama Sifa. "Miye sitazika mama wa bantu ku barabara." Papa Prezida wa komite, mkulima wa maharagi na shemasi wa kanisa, akauliza nani ataibadilisha. Wakamtaja Papa Safari.

Papa Safari alikuwa mtu wa Walikale, aliyekuwa amefika kwetu mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na komite ilimpa kibanda nyuma ya kituo alimolala na kufanyia kazi. Baridi yetu ilimtesa. Alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, hata jua likiwaka, na watu wakamcheka wakimwita muntu wa pori. Aliitwa mkutanoni, nikasikia sauti yake ndogo kupitia mbao: alikuwa na radiatere ya lori lililokufa, pana, nene mara mbili ya yetu, na angeweza kuiingiza kwenye jipu ikiwa watampa mwezi.  Kisha Papa Prezida akasema, bila ubaya, kwa sauti yake ya kusoma Biblia: "Safari, tunaweka bamama zetu mu mikono yako. Kama hii inashindikana, utatafuta vilima vingine." Papa Safari akajibu, "Ndiyo, Papa." Nilikuwa na tonge la bugali mkononi na nakumbuka nilisahau kulichovya.

Mwezi ule nilikuwa kibandani kwake kila siku, kwa kuwa shofere asiye na gari hana pa kwenda. Kilinuka mafuta mazito na mawese, maana alipikia palepale, kati ya gurudumu na jiwe la kunolea: lengalenga, mchicha wetu, zenye mawese mengi mpaka midomo inabaki myekundu. Nilikuja na kipande cha fromaji, jibini ya kwetu, na yeye aliikataa kila siku akisema maziwa ni ya kunywa, si ya kukata kwa kisu, halafu kila siku akaila. Nilimwona akikata chuma cha mbele ya jipu kwa msumeno wa mkono, kidogo kidogo, ili radiatere ile pana ipate nafasi. Hakuifunga moja kwa moja kwenye chuma. Alikata vipande vya tairi kuukuu akaikalisha juu yake, akaniambia: "Barabara ya kwetu inapiga. Kama hailali ku kitu laini, lehemu itapasuka ndani ya wiki." Akatengeneza bati la kuzunguka feni, upepo usikimbilie pembeni. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akifanya kazi polepole hivyo bila kuwa mvivu.

Siku ya kupima kama inavuja alihitaji chombo cha kuizamisha yote. Hakukuwa na pipa pana kiasi hicho, basi akaenda kwa jirani akaazima mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi za kasiksi. Mwenye mtumbwi alidhani anataka kutengeneza pombe, akampa kwa furaha. Alipokuja akakuta chuma cha lori kimelala kwenye mtumbwi wake, na Papa Safari anakipuliza kwa pampu ya baiskeli huku ameinama kutafuta mapovu, alipiga ukelele wa msiba. "Aka! Mutumbwi wa babu yangu!" Kasiksi ya mwezi ule watu walisema ina ladha ya betri, ila hawakuacha kuinywa. Mapovu yalitoka sehemu mbili. Papa Safari akazilehemu, akaizamisha tena, na ilipokaa ndani ya maji bila kutoa hata povu moja, alivua koti moja. Ndivyo nilivyojua amefurahi.

Siku ya majaribio Papa Prezida mwenyewe alipanda mbele, na nyuma tukapakia magunia ya chumvi na watu wanane. Tukashuka Kibua, tukapanda. Mshale ulifika katikati ukakaa pale, kama mtu aliyepata kiti chake. Kwenye mlima mkali wa mwisho Papa Prezida alianza kuimba, na tulipofika alimshika Papa Safari mikono yote miwili. Watu walikuja kuigusa radiatere. Papa Safari alinivuta pembeni, nami nilikuwa natafuna muwa, sina masikio. "Mapendo, sikia. Sasa hautasimama tena ku kijito juu ya kuongeza maji. Ile ngozi utakuwa unaitoa kwa akili yako mwenyewe." Nikamwambia, "Papa, miye si mutoto." Ninavyoandika neno hili leo nalisikia bado, na muwa mdomoni.

Kiangazi kilipoingia, asubuhi zikawa baridi kweli, na radiatere kubwa hupoza zaidi kuliko ndogo, kwa hiyo nilitafuta ngozi kubwa zaidi. Asubuhi moja mjumbe wa pikipiki alifika kutoka Kibua: mama mmoja, Furaha, mimba ya kwanza, siku ya pili katika uchungu na mtoto amekaa vibaya. Mama Sifa akachukua mfuko wake, tukaondoka ndani ya ukungu. Nilipita kijito kwa mwendo. Mashofere wengine walikuwa wamesimama na madumu yao, nikawapigia honi na kuwapungia mkono, na moyoni nikasema, endeleeni kuteka maji, wanangu. Kibua niliegesha pua ya jipu kwenye migomba, tukampakia Furaha kwa mlango wa nyuma na mama mkwe wake, tukageuza. Sikuzunguka mbele ya gari hata mara moja. Ngozi ilikuwa pale, imefungwa vizuri, kazi yangu mwenyewe.

Mshale ulianza kupanda kabla ya nusu ya mlima. Nikajiambia ni joto la mchana. Kisha ukaingia kwenye nyekundu, mvuke ukatoka, motere ikapiga kelele ile ambayo shofere anaisikia tumboni, nikaizima. Nyuma Furaha alikuwa hasemi tena, analia tu kwa sauti ya chini, na Mama Sifa akaniita, "Mapendo, iko nini?" Nikashuka, nikaenda mbele, nikaiona. Mungu wangu! Nilisimama kama nimepigwa kofi. Ngozi ilikuwa imenyonywa na feni mpaka imejibana juu ya radiatere yote, moto wa kuunguza. Nikainua kapo, kile kifuniko cha motere, na nyuma yake Mama Sifa hakuweza kuniona. Ningeweza kusema. Niliikata mipira kwa kisu, nikaikunja ngozi, nikaitupa bondeni. Halafu nikasema kwa sauti kubwa, ili asikie: "Ni radiatere!"

Hata sasa, mwanamke mzima mwenye wajukuu, sielewi jinsi maneno yale mawili yalivyotoka mepesi. Hofu haikunipa nafasi ya kuyapima. Tulingoja ipoe. Mama mkwe alikuwa akiomba kwa Kihunde, Mama Sifa anamshika Furaha mkono na kuangalia saa, mimi namimina maji ya kunywa ya wagonjwa, kidogo kidogo, nikihesabu ili nisisikie. Ilipowaka tena ilipanda bila tatizo lolote. Ingepanda hivyo tangu mwanzo. Tulifika hospitali jua likianza kulegea, wakampasua mara moja, na Mama Sifa akatoka akiwa na uso ambao sikuweza kuusoma, akakaa chini kwenye saruji, akasema: "Iko hai. Na mutoto iko hai, mutoto mwanamuke." Nililia mpaka watu wakanionea huruma. Mganga aliyempasua alikuwa amemwambia kwamba tungechelewa kidogo tu zaidi, wasingemkuta mtoto hai.

Maneno yangu mawili yalifika vilimani kabla yangu. Usiku uleule niliporudi, mbele ya watu wengi, Papa Safari aliifungua jipu, akainama ndani na taa, akakaa humo muda mrefu. Walipomuuliza amekuta nini, alisema, "Nitaangalia vizuri," basi. Hakuniuliza kitu. Kesho yake alinipa lengalenga kama siku zote, na mimi nikala, nikimtazama mdomo wake mwekundu, nikingoja aseme, na hakusema. Ulikuwa ni utumwa, kula chakula kile. Siku ya tatu nikaacha kwenda, nikajifungia chumbani nikisema nina malaria. Mama Sifa akaja na kidonge, akanishika paji la uso, likawa baridi. Akaniangalia. "Mapendo, mficha maradhi kilio humuumbua," akasema, akatoka. Kidonge akaondoka nacho.

Baada ya wiki Furaha aliletwa kituoni kwetu kidonda chake kitunzwe, na siku hiyohiyo, mchana, komite ikakaa. Nilikuwa kitandani upande wa pili wa mbao. Nikamsikia Papa Prezida, tena bila ubaya, na hilo ndilo liliniuma zaidi: "Safari, tulikubaliana. Bantu banaogopa kupanda gari yako. Hadi siku ya mungu, kisha ibada, utakuwa umetoka." Nikangoja Papa Safari ajitetee. Nilishika shuka kwa meno. Akasema, "Ndiyo, Papa," kwa sauti ileile ndogo aliyotumia siku ya kwanza. Sijui nilivyotoka kitandani. Najua nilikuwa sina viatu, na kitenge nilikifunga njiani.

"Si radiatere," nikasema, nikiwa bado mlangoni. "Ni ngozi. Nilisahau ngozi ya ndama mbele, nikapanda nayo toka Kibua. Nikaitupa bondeni ili musione. Papa Safari alinionya na sikusikia."  Nilidhani nitahisi aibu, na aibu ilikuja, naam, lakini kabla yake kilikuja kitu kingine: nilipumua. Nilikuwa sijapumua mpaka chini kwa siku nane. Papa Prezida akamgeukia Papa Safari, "Unasikia?" Papa Safari akaingiza mkono kwenye koti lake la ndani, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaifungua mezani. Ndani mlikuwa na manyoya ya ndama, yameungua ncha. "Ilikuwa imejaa mu radiatere," akasema. "Nilijua siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?" Papa Prezida sasa alikuwa amesimama. "Tulikuwa tunakufukuza!" Papa Safari akakunja karatasi yake polepole, kama alivyofanya kila kitu. "Miye niko na mikono, Papa. Chuma iko kila fasi, kila pahali. Huyu mutoto wa kike, mukimunyanganya ile usukani, nani atamupatia ingine?" Nikalia kwa sauti, mdomo wazi, bila haya. Nilitaka kumpigia magoti, akanizuia kwa kiwiko. "Hapana, hapana. Ulikuja mwenyewe," akasema. "Nilikuwa naogopa hautakuja." Papa Prezida alifuta miwani yake muda mrefu sana, kisha akamwambia Papa Safari kwamba kibanda ni chake mpaka atakapokichoka mwenyewe, na anaomba msamaha mbele ya wote. Halafu akaninyooshea mkono wazi. Alitaka ufunguo.

Nilimpa. Ilikuwa haki na sikuona uchungu, kwa namna fulani hata ufunguo ulikuwa umekuwa mzito. Lakini ukuta wa mbao kama ule ulionisikilizisha mimi ulitenganisha ofisi na wodi pia, na kabla mkutano haujafungwa Furaha alikuja akitembea ameinama, mkono mmoja tumboni, mama mkwe akimfuata na mtoto. Sikuwa nimewahi kumwona uso wake ukiwa haujakunjwa na maumivu. Alikuwa msichana wa umri wangu. "Ni weye ulichemsha gari?" akaniuliza. Nikasema ni mimi. "Na nani aliendesha mpaka hospitali?" Mama Sifa akajibu kwa ajili yangu, "Njo yeye." Furaha akafikiri. Hakutabasamu, wala sikustahili. "Basi yeye njo atanirudisha Kibua. Siendi na mwengine." Mama mkwe akaruka: "Aka! Unataka kufa mara ya pili?" Furaha akamwambia, kwa upole, "Mama, yule hatasahau tena kitu maisha yake yote. Mwengine bado anaweza kusahau." Papa Prezida akautazama ufunguo mkononi mwake, akanirudishia.

Tukaondoka baada ya siku chache, asubuhi, jua likiwa limekwisha kutoka. Mama mkwe alikataa kukaa mbele, akajifungia nyuma na rozari. Furaha akakaa karibu yangu, mtoto kifuani, na mwanzoni alitazama mikono yangu kwenye usukani, kila kona, kila shimo. Mimi nilitoka jasho kama ninayebeba gunia.  Tulipomaliza mteremko wa kwanza nikahisi kitu kwenye bega langu, nikadhani amezidiwa, nikageuka kwa hofu. Alikuwa amelala. Mtoto amelala, mama amelala, kichwa chake kizima kimeniegemea na mdomo wazi kidogo, kama mtu aliye nyumbani kwake. Nikapunguza mwendo, nikazungukia mawe moja moja, machozi yakinishuka mpaka kidevuni, na sikuinua mkono kuyafuta, nisije nikamwamsha.